Hatua 16, 12 na 7: kumbukumbu ya mradi wangu wa biti

Mradi ni kutengeneza biti, yaani mdundo wa muziki, kwa kompyuta. Masharti yake niliyaandika mapema kwenye faili la maelezo, ili baadaye nisije nikajilegezea. Sinthesaiza moja ya kompyuta, yaani programu ya kuunda sauti. Sikwensa ya hatua, yaani kipangaji kinachopiga noti hatua kwa hatua na kurudia. Hakuna ngoma zilizorekodiwa, hakuna sauti ya mtu. Na biti itakayotoka iweze kusikilizwa kwa dakika mbili na nusu bila kuchosha.

Sharti la mwisho ndilo lenye kazi. Kupanga hatua kumi na sita zikasikika vizuri hakuhitaji muda mrefu. Tatizo huanza zikishajirudia mara ya ishirini, sikio limeshazikariri na limeanza kutafuta shughuli nyingine. Dawa ambayo wengi wetu huikimbilia ni kuongeza: besi ya pili, kinanda juu yake, kengele juu ya kinanda. Mwishowe unakuwa na mistari kumi na miwili inayochosha kwa pamoja. Safari hii nataka kujaribu njia nyingine, kuacha kila mstari uwe na urefu wake, halafu nione tofauti hizo za urefu zitanifanyia kazi kiasi gani.

Vifaa

Natumia Surge XT. Ni ya bure. Ilianza kama bidhaa ya Claes Johanson chini ya jina la Vember Audio, msimbo wake ukaachwa wazi mwaka 2018, na tangu hapo inaendelezwa na watu wanaojitolea. Ina pande mbili, A na B, kila upande una osileta tatu (vyanzo vya sauti) na filta mbili (vichujio vya sauti). Nimeichagua hasa kwa sababu LFO zake (mawimbi ya polepole yanayobadilisha sauti yenyewe kwa yenyewe) zinaweza kugeuzwa kuwa sikwensa ndogo ya hatua 16, kitu ambacho kitatufaa mbele.

Nimefungua nakala nne: kiki (ngoma nzito ya chini), kofi (mlio wa makofi), haihati (matoazi), besi. Noti zenyewe zinapangwa kwenye sikwensa ya programu ninayorekodia, ambayo inakubali kila mstari uwe na idadi yake ya hatua. Kama yako haikubali, tengeneza vipande vya MIDI (maagizo ya noti, si sauti yenyewe) vya urefu tofauti uviache vijirudie. Matokeo ni yale yale.

Kasi ni mapigo 124 kwa dakika. Kwa hiyo pigo moja ni milisekunde 484, hatua moja ni robo yake, yaani 121, na kipimo kizima cha hatua 16 ni sekunde 1.94. Namba hizi nimezibandika pembeni ya skrini maana zinarudi kila mara.

Ngoma

Kiki ni wimbi saini tupu linaloanza juu na kuanguka. Osileta nimeiweka Hezi 55, ambayo ni noti ya A, kisha envelopu ya pili (mchoro wa kupanda na kushuka kadiri muda unavyokwenda) nikaielekeza kwenye pichi, yaani kimo cha sauti, kwa oktava mbili. Sauti inaanzia Hezi 220 na kushuka hadi 55. Utamu wote uko kwenye muda wa kushuka. Ukiwa milisekunde 10 unasikia "tk" ya kidole juu ya meza. Ukifika 100 inatoka "piu" ya gemu za zamani. Kwangu imekaa kwenye 40 hivi: mwanzo una ncha, mkia una uzito.

TR-808, mashine ya ngoma ya Roland iliyotoka mwaka 1980, nayo ilipata kiki yake kwa sakiti inayogutushwa halafu kuachwa ilie mpaka izimike. Mwaka huo huo Roger Linn alitoa LM-1, iliyobeba ngoma halisi zilizorekodiwa. Mashine mbili, njia mbili, na hadi leo watu wanabishana ipi ina raha zaidi. Masharti yangu yameshanichagulia.

Kiki iko hatua ya 1, 5, 9 na 13. Kofi liko ya 5 na 13. Ni mchakacho uliochujwa, unaopasuka mara tatu haraka haraka, basi. Sikulitolea muda.

Haihati imenishughulisha zaidi. Nayo ni mchakacho, umepitishwa kwenye filta inayokata kila kitu cha chini. Hatua zote 16 zikiwa na nguvu sawa unapata cherehani. Nguvu za noti katika MIDI zinafika 127, nami nimezipanga kwa mafungu ya nne: 100, 45, 75, 40. Lakini kilichobadilisha mambo si ukubwa wa sauti. Nguvu ile ile nimeielekeza pia kwenye urefu wa mkia, hivyo pigo lenye nguvu linakaa hewani kidogo na pigo dhaifu linakatika papo hapo. Sikio linasikia mkono unaofunguka na kufunga. Kisha hatua ya 8 na ya 16 nimezipa uwezekano wa asilimia 60 tu wa kulia, ili hata mimi nisijue.

Besi ya hatua 12

Nilianza kwa kujaribu urefu wa 15, kwa sababu ya hesabu. Mstari wa 15 ukikimbia pamoja na wa 16, vinakutana tena mwanzoni baada ya hatua 240, yaani vipimo 15 kamili, karibu nusu dakika. Kwenye karatasi inavutia. Kwenye spika, besi inateleza hatua moja kila mzunguko, noti yake kuu inaangukia popote, na mguu unakosa pa kukanyaga. Kuna watu wanaupenda muziki wa namna hiyo; mimi nilitaka biti ya kucheza.

Mstari wa 12 una tabia nzuri zaidi. Kumi na mbili inagawanyika kwa nne, kwa hiyo kila besi inapoanza upya inakuta kiki iko pale pale chini yake. Kinachohama ni pigo lenyewe. Mzunguko wa kwanza unaanza pigo la 1, wa pili pigo la 4, wa tatu pigo la 3, wa nne pigo la 2, halafu unarudi mwanzo baada ya vipimo vitatu. Na kwa kuwa kofi liko pigo la 2 na la 4, noti kuu ya besi inakutana nalo mara mbili na kulikosa mara mbili. Mabadiliko haya huyahesabu ukisikiliza. Unayahisi tu.

Ndani ya hatua hizo 12 nimeweka noti tano: ya 1, 4, 6, 9 na 11. Mpangilio huu hautoki kichwani mwangu. Ukitaka kugawa mapigo matano katika nafasi kumi na mbili kwa usawa unaowezekana, unapata mapengo ya 3, 2, 3, 2, 2. Mwaka 2005 Godfried Toussaint, mtaalamu wa sayansi ya kompyuta, alionyesha kwamba hesabu ya Euklide, ile ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika, inazalisha midundo mingi ya jadi kutoka sehemu nyingi za dunia. Tano katika kumi na mbili ni mmojawapo. Sikwensa nyingi za kisasa zinao uwezo huo kwa kitufe kimoja, ila mapengo matano unaweza kuyaandika kwa mkono bila shida.

Angalia sasa: noti ya hatua ya 1 na ya 9 daima zinapiga pamoja na kiki. Zile za 4, 6 na 11 daima ziko katikati. Mbili zinakaa, tatu zinacheza. Noti nilizochagua ni A, A, C, G, A ya juu, na mstari wote nimeupandisha uanzie Hezi 110, maana mkia wa kiki umeshaikalia 55 na wawili hao hawawezi kulala kitanda kimoja.

Sauti ya besi ni wimbi la msumeno kupitia filta inayopitisha ya chini, aina ya desibeli 24 kwa oktava, rezonansi (msisitizo pale filta inapokata) imepanda kidogo kupita nusu. Hapa namfuata TB-303. Roland waliitoa mwaka 1981 kama mbadala wa gitaa la besi, haikuuzika, wakaacha kuitengeneza mwaka 1984, kisha vijana wa Chicago wakaipata kwa bei ya kutupa na kuanza kuzungusha vitufe vya filta huku mstari ukiendelea kukimbia.

Kitu ambacho wengi hukosa wakiiga mashine hiyo ni mtelezo. Noti inapoteleza kwenda nyingine, pichi inavutwa, lakini envelopu ya filta haianzi upya. Kwenye Surge unaipata kwa kuchagua Mono ST+FP: ya kwanza inazuia envelopu kuanza upya wakati noti zimeshikana, ya pili inaleta mvuto wa pichi kwa noti zilizoshikana tu. Baada ya hapo unarefusha noti ya hatua ya 9 mpaka ivuke kidogo mwanzo wa ile ya 11. Muda wa mvuto ni milisekunde 60. Noti ya 11 haigongi tena, inanyanyuka kutoka ndani ya ile ya 9, na ghafla mstari wa noti tano unasikika kama una mtu anayeupiga.

Saba

Hii ndiyo sehemu niliyoingoja tangu mwanzo.

LFO ya kwanza ya besi nimeigeuza kuwa sikwensa, nikasogeza alama ya kurudia mpaka hatua ya 7, nikaifunga kwenye kasi ya wimbo ili kila hatua yake iwe sawa na hatua ya ngoma. Inaelekezwa kwenye filta. Safu zake saba nimezichora kwa kipanya bila mpango maalumu, ila mbili nimezipandisha juu kabisa.

Kuna mpangilio mmoja lazima uguswe. LFO ya Surge, ukiiacha kama ilivyo, inaanza upya kila noti inapopigwa, hivyo kila noti ya besi inakutana na safu ya kwanza tu na ile saba yako haisikiki. Badilisha kutoka Keytrigger kwenda Freerun. Sasa inakimbia yenyewe, noti ziwepo zisiwepo.

Saba na kumi na mbili hazina kigawo cha pamoja zaidi ya moja. Maana yake kila noti kati ya zile tano itakutana, kwa zamu, na kila hali kati ya zile saba za filta: milio 35 tofauti kutoka mstari wa noti tano, ndani ya hatua 84, sekunde kumi hivi. Ukiingiza na ngoma za 16, mzunguko mzima unakuwa hatua 336, sawa na vipimo 21, sekunde 40.6. Noti sijaongeza hata moja. Nilikaa nikiisikiliza muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima, na hilo nimelichukua kama jibu la swali la mradi.

Swingi

Swingi inachelewesha hatua za shufwa. Asilimia 50 ni nyoofu, 66 na ushee ni mgawanyo wa tatu. Nimeweka 54, yaani hatua ya shufwa inachelewa kwa milisekunde 10 hivi. Nilipofika 58 ucheleweshaji ulikuwa 19 na besi ikaanza kuchechemea.

Hapa ndipo 15 ilipokosa utetezi kabisa. Sikwensa yangu huhesabu swingi kwa namba za mstari wenyewe. Mstari wa hatua 15 ukianza mzunguko wa pili, hatua yake ya kwanza inaangukia mahali pa shufwa, na kuanzia hapo swingi yake inavuta upande wa pili wa haihati. Mstari wa 12 hauna ugonjwa huo. LFO ya 7 haifuati swingi kabisa, na imetokea kuwa jambo jema: kwenye hatua zilizochelewa filta inabadilika kabla kidogo, noti ikifika inakuta imeshatulia.

Kuupanga wimbo

Bafa, ile akiba ya sauti ambayo kompyuta huiandaa kabla ya kuipiga, nimeiongeza hadi sampuli 1,024. Kwa 48,000 kwa sekunde huo ni ucheleweshaji wa milisekunde 21, ambao hauna madhara kama hupigi kitu kwa mkono.

Vipimo 84, yaani mizunguko minne ya 21, vinatoa dakika 2 na sekunde 43. Mzunguko wa kwanza ni ngoma, na besi inaingia katikati. Wa pili kila kitu kipo. Wa tatu nimeondoa kiki na kofi, na hapo limetokea jambo ambalo sikulipanga: bila kiki, sikio linaichukua besi kuwa ndiyo kipimo na kuanza kuhesabu mapigo matatu matatu. Kiki inaporudi sakafu inageuka. Wa nne nimebadilisha nakala ya besi, nikaweka ile ambayo LFO yake inarudia kwenye 8 badala ya 7. Nane inakaa ndani ya 16 bila kubaki, kwa hiyo biti inatulia na kuwa karibu ya kawaida. Baada ya dakika mbili za kuhamahama, kawaida hiyo inasikika kama kibwagizo.

Nilijaribu pia mstari wa kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) wa hatua 5. Kwa hesabu unarefusha mzunguko hadi hatua 1,680, dakika 3 na sekunde 23 bila kujirudia, na kwa masikio unaharibu kila kitu, maana hakuna tena anayejua amsikilize nani. Nimeuacha ndani ya faili ukiwa umezimwa. Nitakapoufungua tena nitauondolea noti zote isipokuwa moja, na nitaanza nao kwenye mzunguko wa tatu, pale kiki isipokuwepo.