Siku yangu stoo ya dawa, shamba la maua, Usa River

Saa 11:20 alfajiri. Baridi ya Julai huku Meru haina adabu. Natoka na kanga chini ya jaketi, na bodaboda ananidai elfu moja na mia tano kisa ukungu. Namlipa elfu moja.

Saa 12:15. Wapiga dawa wameshafika mlangoni. Wanaanza mapema kwa sababu jua likishapanda, ndani ya grinihausi ovaroli na barakoa havivaliki. Napima na kuandika kitabuni: dawa gani, kiasi gani, grinihausi namba ngapi, wavunaji waruhusiwe kurudi saa ngapi.

Saa 2. Chai, chapati, na mafaili. Tumeambiwa karatasi zote za usalama wa kemikali zisasishwe kabla ya ukaguzi. Sisi bado tunaziita MSDS (Material Safety Data Sheet), ingawa herufi ya M ilishaondolewa siku nyingi, sasa ni SDS. Nafungua faili la kwanza nakutana na karatasi ya 2009, yenye mraba wa rangi ya chungwa na alama nyeusi ya X. Ulaya, zinakotoka dawa zetu nyingi, walishahamia alama za hatari za umbo la almasi yenye mpaka mwekundu; dawa za mchanganyiko wa kemikali nazo zikaingia Juni 2015. Kisha muundo wa karatasi wenyewe ukabadilika tena: tangu Januari 2023 karatasi za kule zinafuata kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2020/878, ambayo pamoja na mengine inataka ielezwe kama dawa inavuruga homoni. Kanuni hiyo si ya kwetu, lakini aliyeitengeneza dawa akiandika upya halafu mimi nikabaki na ya zamani, wapiga dawa wangu ndio wanaokosa habari.

Ninachokipenda ni zile sehemu 16 zenye mpangilio uleule popote uendapo. Ya 4 huduma ya kwanza, ya 7 uhifadhi, ya 8 vifaa vya kujikinga, ya 10 kitu hicho hakipatani na nini. Ukishazizoea hutafuti, unafungua tu.

Saa 4. Sehemu ya 10 imeniaibisha. Tuna asidi ya nitriki ya kurekebisha maji ya umwagiliaji, na klorini ya maji ya kuoshea ndoo za maua. Klorini ilikuwa shelfu ya juu, asidi chini yake kabisa. Dumu la juu likivuja likakutana na la chini, inatoka gesi ya klorini, na stoo yetu ina dirisha moja. Mtasema mtunza stoo hakujua? Nilijua, tena tangu darasani! Lakini shelfu aliipanga aliyenitangulia, nami nikairithi pamoja na funguo. Hata ile karatasi ya zamani ilionya. Ilikuwa kabatini ofisini, na ufunguo wa kabati anao mhasibu.

Tumehamisha madumu sita, mimi na kijana wa stoo, glavu hadi viwikoni. Asidi sasa imekaa sakafuni ndani ya beseni la plastiki, klorini chumba cha pili. Nyuma ya dumu la mwisho tukakuta chupa ya maji ya kunywa, ya lita moja na nusu. Haina lebo, na ndani mna kitu chenye rangi ya chai ya rangi. Ya nani? Kimya. Kijana akasema labda sabuni. Labda. Nikaitia kwenye ndoo yenye mfuniko, nikaandika HAIJULIKANI na tarehe, nikaitenga. Kitu kisicho na jina utakitafutia karatasi gani?

Saa 7. Makande. Hayana stori.

Saa 8. Mafunzo chini ya mwembe. Nainua almasi yenye mti mkavu na samaki aliyekufa. Mzee wetu wa Kimeru, mpiga dawa wa siku nyingi, anajibu: "Hapa pasivuliwe samaki." Karibu apatie. Nainua ya mtu mwenye nyota kifuani. "Huyu ameokoka." Wote wakaanguka kicheko, nami nikacheka kabla ya kueleza kwamba alama hiyo ni ya madhara yanayojificha: saratani, mapafu, uzazi. Kwenye homoni nikakwama kidogo, nikasema ni dawa inayojifanya kitu cha mwili wako ili mwili uitii.

"Kwa hiyo mwanangu, ni tapeli."

"Ndiyo mzee, ni tapeli." Nikaandika hivyohivyo pembeni mwa karatasi.

Kisha akauliza swali la siku: "Ikinimwagikia kule grinihausi namba tisa, hii karatasi naipata wapi?" Sikuwa na jibu la heshima. Jioni hii nimebandika nakala mlangoni kwenye mifuko ya plastiki, na sehemu za 4, 6 (ya dawa ikimwagika) na 8 nimeziandika kwa Kiswahili kwa mkono. Nakala nyingine iko kwenye gari, maana mgonjwa akifika hospitali bila jina la dawa, daktari anaanza kubahatisha.

Saa 10. Barua pepe kwa wauzaji. Mmoja amenitumia karatasi ileile ya zamani, tarehe tu ndiyo mpya. Nimemrudishia. Asidi ni mambo ya Mkemia Mkuu wa Serikali, viuatilifu ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, pale Ngaramtoni, wafanyakazi ni OSHA, wakala wa usalama na afya kazini. Faili moja, wakubwa watatu, na hakuna hata mmoja nitakayempelekea karatasi ya namna hiyo.

Saa 11:30. Nafunga stoo, fundi wa pampu huyo anakuja mbio.

"Dada, hujaona kachupa kangu humo?"

"Kana nini ndani?"

Akajikuna kichwa. "Hata mimi nimesahau."