Siku moja na masanduku ya seneta aliyehamia chuo kikuu

Saa mbili kasorobo asubuhi nafungua ghala. Watu wakisikia nafanya kazi maktaba hudhani nashinda nikisoma vitabu. Mimi ni mtunza nyaraka. Mwaka huu napanga karatasi za mtu aliyekuwa seneta wa Marekani, kisha akawa rais wa chuo kikuu. Jina lake nalihifadhi.

Mpaka saa tano nang'oa pini za stepla zilizoota kutu, nahamishia karatasi kwenye majalada yasiyo na asidi na kuandika namba kwa penseli.

Njia aliyopita huyu mzee wamepita wengi huko. John Brademas aliwakilisha Indiana bungeni kuanzia 1959, akashindwa uchaguzi wa 1980, na mwaka uliofuata akawa rais wa Chuo Kikuu cha New York. David Boren aliacha useneta wa Oklahoma mwaka 1994, akaongoza chuo kikuu cha jimbo lake hadi 2018. Ukipanga karatasi za mtu wa aina hii, hushangai kwa nini vyuo huwataka: tayari anajua kuomba fedha, kutuliza waliokasirika na kukumbuka majina. Kwenye masanduku yangu, waliochangia kampeni zake ndio anaowaandikia baadaye kuhusu maabara na ufadhili wa wanafunzi.

Saa tano na robo akaingia mtafiti. Alitaka mwaka mmoja tu, ule ambao mzee aliondoka Seneti kwenda chuoni, na alitaka kila kitu kiwe mezani kabla ya chakula cha mchana. Nikamweleza. Karatasi za ofisi ya seneta ni mali yake mwenyewe; alitukabidhi sisi, na nyingi ziko wazi. Za kamati aliyoiongoza ni za Seneti, zipo Hifadhi ya Nyaraka za Taifa kule Washington. Nyingi hufunguliwa baada ya miaka 20, nyeti baada ya 50. Za urais wake wa chuo ni mali ya chuo, na palipo na habari za wanafunzi sheria ya faragha ya mwaka 1974 inawalinda.

Akasema naficha. Nikaeleza upya. Akasema mtu ni mmoja, vipi karatasi ziwe na wenyewe watatu? Akamtaka mkuu wangu, naye akamjibu yaleyale. Akarudi mezani kwangu akitaka angalau barua za wananchi, zote, bila kupitiwa. Hapo sikulegea. Mama aliyeomba msaada wa pensheni ya marehemu mumewe alimwandikia seneta wake akiamini barua itaishia pale. Kumlinda mama huyo ni kazi yangu sawa na kumhudumia mtafiti, na naifanya kwa moyo wote.

Chakula cha mchana sikula. Nilishuka ghalani nikaanza kupekua masanduku ya miezi ya mwisho Seneti, jalada kwa jalada, mgongo ukiuma, macho yakiwasha kwa vumbi. Mchana ukayoyoma. Halafu nikalikumbuka jalada la mialiko, ambalo wengi hulipita kwa kuwa limejaa karamu na harusi. Barua za bodi ya chuo kumshawishi aombe urais wa chuo zilipokelewa ofisini kwake akiwa bado seneta. Kwa hiyo ni zake, na ziko wazi! Zilikuwemo, pamoja na rasimu ya majibu aliyoifuta na kuiandika tena kwa mkono wake.

Mtafiti alisoma kimya mpaka tulipofunga. Aliondoka bila kuaga vizuri, lakini ameomba nafasi ya kesho.

Nilibaki nyuma kidogo kuongeza mstari kwenye mwongozo wa mkusanyiko: anayefuatilia mwanzo wa urais wake chuoni aanze na jalada la mialiko la Seneti.