Nikyo: kufunga kifundo, kushusha mwili

Nilipoanza kujifunza aikido, sanaa ya Kijapani ya kujihami, niliamini kwamba nikyo ni mbinu ya kuumiza kifundo cha mkono, na kwa kuwa nina vidole vyenye nguvu nilijiona hodari. Kisha nikapangiwa mwenzangu mmoja mwenye viungo laini kama ufito mbichi: nilimkunja mpaka jasho likanitoka, naye amesimama tu, ananitazama kwa huruma.

Nikyo maana yake ni fundisho la pili. Katika mtindo wa Yoshinkan, ulioanzishwa na Gozo Shioda mwaka 1955, huitwa nikajo, kwa msamiati wa Daito-ryu, sanaa ya mapigano ambayo Morihei Ueshiba, mwanzilishi wa aikido, alianza kufundishwa na Sokaku Takeda huko Hokkaido mwaka 1915 na ambamo mbinu nyingi za aikido zimechimbuka.

Mtu amekushika mkono. Unakibana kiganja chake juu ya mkono wako kisibanduke, unakizungusha hadi upande wa kidole chake cha mwisho uelekee usoni pako, na kiwiko chake kinabaki kimekunjika, hata mkono mzima ukafanana na herufi Z. Hapo ndipo wengi wetu huanza kukamua, ilhali kinachotakiwa ni kuinama kidogo kwa mwili mzima, kama anayemwamkia mzee, huku ukikielekeza kidole kile kwenye kitovu chake. Nguvu hukipita kifundo, hupanda kiwikoni, hufika begani, na magoti humlegea. Mwenzangu yule alishuka siku nilipoacha kugombana na kifundo chake.

Shihonage, mtupo wa pande nne, una kosa la aina hiyohiyo, ila lake ni la hatari zaidi. Ukishapita chini ya mkono wa mwenzako na kugeuka, kiganja chake kinapaswa kukaa karibu na bega lake mwenyewe. Ukikivuta nje kwa pupa, unahatarisha kiwiko na bega, naye huanguka chali bila nafasi ya kukinga kisogo.

Kuhusu omote na ura, yaani kuingia mbele ya mtu au kuzunguka nyuma yake, nilizikariri kama mitindo miwili ya kuchagua. Kumbe anayechagua ni yule anayeshika: akisukuma, nazunguka, akivuta, naingia. Vivyo hivyo, kiwiko kikininyookea katikati ya nikyo, silazimishi, narudi kwenye ikkyo, fundisho la kwanza, na kukidhibiti kiwiko chenyewe. Mwenzangu ameshaligundua hilo, na sasa hukinyoosha makusudi.