Nge mkononi mwa Afrika

Jana usiku Salma alikaa sakafuni, kaegemea kochi, kimya kupita kawaida yake. Nilipomwona na kioo changu cha kukuzia nikajua kafungua ile droo.

"Baba, huyu mwanamke mbona kashika nge?"

Ile dinari ya Hadrian, sarafu ya fedha ya kaizari wa Roma. Mnaonifuata siku nyingi mmeiona pichani mara moja, na sikusema niliipataje. Mama Salma anajua, ila naye hajui yote.

Ilikuwa Machi 2017, Jumamosi, kwenye maonyesho ya sarafu London. Nilitoka zamu ya usiku nikaenda moja kwa moja, sare ya kazi imo kwenye begi. Sikwenda kununua. Mfukoni nilikuwa na pauni 310, pesa ya bati za mama, na nilipanga kuituma mchana uleule. Bati za nyumba ya Makorora, Tanga, zilikuwa zimeliwa na kutu, fundi keshapima, masika yako mlangoni.

Mzee mmoja alikuwa na trei ya dinari, kila moja kwenye kijumba chake cha mahameli. Nikapita za Trajan, nikapita za Antoninus Pius, makaizari wengine, kisha kwenye hii miguu ikagoma. Nikaomba niishike. Akaniambia niishike kwa vidole viwili, ukingoni tu, nisiziguse nyuso zake.

Ni ndogo, upana wake hauzidi sana ukucha wa kidole gumba. Fedha yake haing'ari kama ya sonara. Ni ya kijivu, na weusi wa miaka umejikusanya nyuma ya sikio la kaizari na katikati ya nywele za ndevu zake. Nikaigeuza. Mwanamke kajilaza, kaegemea kiwiko cha kushoto. Kichwani kavaa ngozi ya kichwa cha tembo, mkonga umechomoza juu ya paji la uso. Mkono wa kulia kashika nge, wa kushoto kashika pembe iliyojaa matunda, na miguuni pake pana kikapu. Juu yake zimezunguka herufi sita: AFRICA.

Herufi ya mwisho ilikuwa nusu. Ukingo ulikuwa umeikata.

Hiyo A ndiyo iliyonishika. Sarafu hizi zilipigwa kwa mkono: kipande cha fedha kinawekwa kati ya mihuri miwili ya chuma, nyundo inashuka, kinatolewa, kinawekwa kingine. Siku hiyo kipande kilikaa upande kidogo. Pengine mtu alikuwa amechoka, pengine msimamizi alikuwa anamharakisha. Hakuna aliyeandika jina lake. Na mimi, ambaye usiku mzima nilikuwa nimegeuza wazee vitandani na kubadilisha mashuka, nilikuwa nimesimama London nimeshika pigo moja la mkono wake, miaka karibu 1,900 baadaye. Sikusikia tena kelele za ukumbini. Nilihisi ubaridi wa fedha ukiisha taratibu, ikichukua joto la vidole vyangu.

Mzee akaiweka kwenye mizani: gramu 3.3, ndivyo inavyotakiwa. Nikachunguza ukingo, kwa sababu miaka miwili nyuma nilishauziwa bandia ya kumimina, na za kumimina huacha mstari ukingoni na vishimo vidogo usoni kama vya povu. Hii ilikuwa safi. Akanionyesha na karatasi ya mnada wa zamani ilikopitia. Kwangu karatasi ni sharti. Sarafu iliyochimbwa usiku na kuuzwa kimyakimya imeshapoteza nusu ya habari zake. Hakuna tena atakayejua ilikuwa ndani ya chungu gani, imelala na nini.

Nikauliza bei. Mia tatu na kumi.

Askari wa jeshi la Hadrian alilipwa dinari 300 kwa mwaka, kwa hiyo kile kipande kilikuwa ujira wa siku moja na kitu. Kwangu kilikuwa zamu nne za usiku. Nilipiga hesabu hiyo nimesimama palepale, nikajiambia mwisho wa mwezi nitamtumia mama, wiki mbili tu. Nikatoa bahasha.

Mwisho wa mwezi kodi ya nyumba ikapanda. Mvua zikaja Tanga kwa nguvu. Mama akahamishia godoro kwa jirani, akalala huko usiku kumi na moja. Mimi nilimwambia pesa imechelewa kazini.

"Usihangaike, baba," akaniambia kwenye simu. "Mvua rehema. Nchi ilikuwa imekauka."

Hadrian alifika Afrika mwaka 128. Kuna habari ya kale kwamba huko mvua ilikuwa haijanyesha miaka mitano, na alipokuja yeye ikanyesha, watu wakampenda kwa hilo. Niliisoma kabla ya kuinunua sarafu, na niliipenda mno. Ndiyo iliyonifanya niitafute. Baada ya simu ile niliifunga dinari kwenye bahasha yake na sikuifungua mpaka mwaka uliofuata. Pesa ya bati niliituma Juni. Mvua zilikuwa zimeshakata.

Sasa Salma anasubiri jibu la nge. Nikamwambia Warumi walipotaka kuichora nchi walichora mwanamke, wakampa alama za nchi hiyo ili kila mtu amtambue: Afrika wakampa tembo na nge, wakamwekea mavuno kwa sababu ngano ya huko ilikuwa miongoni mwa iliyoilisha Roma. Nikamwambia pia kwamba neno letu dinari ni denarius yao hiyohiyo, imepita kwa Wagiriki na Waarabu mpaka ikatufikia. Hilo alilipenda.

"Kwa hiyo huyu ni sisi?"

Nikafungua ramani. Afrika yao ilikuwa jimbo la kaskazini, Tunisia ya leo na majirani zake. Jina lilikuja kuenea bara zima baadaye sana. Tanga haikuwamo. Akaiangalia ramani, akaiangalia sarafu, akaigeuza tena kwa vidole viwili, ukingoni, kama nilivyomfundisha.

"Lakini imeandikwa Africa."

Sikumbishia. Siku ile ukumbini nami sikuwa nimefikiria ramani.

Akauliza iligharimu kiasi gani, nikamwambia. Sikuwahi kumtajia mtu mwingine bei hiyo. Akaniuliza ni shilingi ngapi za bibi, nikamwambia wakati ule ilikuwa zaidi ya laki nane. Akashtuka.

Desemba tunakwenda Tanga. Asubuhi hii, kabla ya shule, kaja na bahasha mkononi anataka tumbebee bibi akamwone mwanamke mwenye nge. Mama atafurahi, najua. Ataishika, ataigeuza, kisha atauliza ilinunuliwa lini na kwa bei gani, maana ndivyo alivyo. Na Salma atakuwa amekaa hapohapo mkekani, chini ya zile bati.

Nimemwambia sawa, tutaibeba.