Begi la tyubu: Duluti, Momella mpaka Chala kwa kayaki

Aisee hawa jamaa wa kuongoza watalii Arusha wanajua kupiga hesabu. Bei tuliyolipa kwa safari ya maziwa matatu kwa kayaki, vile vimtumbwi vyembamba vya kasia, ilisemwa ina kila kitu, kayaki, makasia, laifu jaketi, mahema, msosi, gari la kutuhamisha toka Duluti kwenda Momella halafu Chala, tukashangilia. Hela ikishaingia ndo inakuja listi ya vitu vya kubeba, na mwisho kabisa imeandikwa mifuko isiyopitisha maji hatutoi, inakodishwa dola kumi kwa siku kwa mfuko mmoja, na uwe na miwili. Dola kumi! Mimi hapa Moshi mjini nalala gesti kwa chini ya hapo na asubuhi napewa chai na chapati.

Zamani ungemaliza kazi na rambo mbili tatu, unafunga fundo unatupia kwenye begi basi. Ila rambo zimepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 na hii mifuko mbadala inashika maji kama chekecheo. Nikaenda Memorial, kwenye mitumba pale hukosi kitu, kweli nikakuta begi la njano la kukunja mdomo, zuri, nikaomba maji kwa mama ntilie nikalijaza, likatoa mchirizi kwenye mshono. Muuzaji wala hakutikisika: "Dada, hilo kazi yake ni kuzuia maji yasiingie, siyo yasitoke."

Nikiwa narudi nimekasirika nikapita kwa mzee wa pancha. Shikamoo babu, marahaba mwanangu, gari iko wapi? Nikamwambia sina gari, nataka kitu cha kubebea nguo majini. Akaniangalia weee, akauliza majini wapi, nikasema Chala. Akacheka mpaka akaweka spana chini. Halafu akaingia ndani akatoka na tyubu ya lori, analalamika kwamba siku hizi lori nyingi zinatembelea tairi zisizo na tyubu kwa hiyo hizi anazitumia kwa kubana. Akakata kipande kama cha urefu wa mguu wangu, akakikwangua mdomo mmoja kwa msasa, akapaka sulisheni, tukasubiri ikauke huku ananiuliza kama nimeolewa, akaubana mdomo kwenye ile mashine ya kuchomea viraka. Upande wa pili akauacha wazi, unakunja mara tatu unafunga kwa mkanda wa mpira uleule. Kupima sasa: akalijaza upepo, akalizamisha kwenye beseni lake la kutafutia pancha, tukakodoa macho wote wawili pamoja na dereva wa Hiace aliyekuwa anasubiri tairi lake. Hakuna hata povu moja. Elfu nane. Limepinda maana tyubu ni duara, ila nani anajali.

Duluti tulifundishwa kushika kasia na kujipindua makusudi, hakuna cha kusimulia. Momella Ndogo tulipanda mitumbwi na askari wa hifadhi mwenye bunduki, viboko wanahema upande ule, tukapita kimyakimya.

Chala ndo penyewe. Unatoka Himo, kabla ya Holili unakata kushoto, vumbi hilo, ghafla chini yako kuna shimo la volkano limejaa maji ya buluu. Kina chake kinapita mita 90, na katikati ndo mpaka wa Tanzania na Kenya. Mahema yako juu ukingoni, ziwa liko chini, kwa hiyo kila ulichobeba kwa kiherehere asubuhi unateremka nacho na jioni unapanda nacho. Hapo ndo nikaelewa kwa nini muongozaji alinyanyua begi la kila mtu kabla hatujashuka.

Mchana upepo ukaja. Jamaa yetu mmoja wa Njiro, kakodi mifuko miwili ya dola, kavaa jinzi na kandambili, wimbi likamchukua ubavuni akapinduka. Laifu jaketi ilimweka juu, akawa anapuliza filimbi kama refa. Kandambili zikaenda Kenya bila pasipoti. Mfuko wake alikuwa amekunja mdomo mara moja tu akabana, maji yakaingia yakakaa. Simu kwaheri, na jinzi ilikuwa haijakauka hata kesho yake. Mimi nilikuwa na jezi ya mpira wa miguu, inakauka ukiwa bado unaongea, katambuga zenye mkanda nyuma, na kanga mbili ambazo ni taulo, ni shuka, ni chumba cha kubadilishia nguo. Moja akavaa yeye. Kwenye listi kanga haipo.

Lakini nisilisifie sana begi langu. Nguo zilikuwa kavu kabisa ila zinanuka gereji, na chapati za mchana zilikuwa na ladha ya Scania. Tulizila, njaa haina adabu.

Usiku nikampigia mama yangu kule Kibosho, mlimani. Kwake maji ni yale ya mfongo, mfereji wa Kichaga, yanayopita mgombani, ya kifundo cha mguu, ya kugombania zamu na majirani. Akakumbusha yule mwanafunzi Mwingereza aliyeuawa na mamba Chala mwaka 2002, upande wa Kenya, halafu akauliza: "Na wewe umelipa hela?" Nikamwambia mtandao unasumbua. Kusema kweli sisi wa mlimani maji tunayajua ya kumwagilia, ukitukalisha juu ya mita 90 makalio yanakaza yenyewe.

Muongozaji siku ya mwisho akaja pembeni kuniuliza lile begi nimelitoa wapi, nikamwelekeza. Juzi nimepita kwa babu, kaandika kwa chaki kwenye ubao: BEGI LA MAJI ELFU ISHIRINI. Nikamuuliza imekuwaje, akasema wateja wake sasa hivi ni watu wa utalii.