Nimezipima AI za kuchora picha kwa doti moja ya kanga

Hii ishu ilianza na shangazi. Anauza kanga Kariakoo, miaka mingi sasa, na mwaka huu kaona majirani zake wa duka wanaweka stetasi za WhatsApp zenye wadada wamejitanda kanga ufukweni, jua linazama, kila kitu kinang'aa, basi akanipigia. Hata shikamoo yangu hakuimalizia vizuri. "Marahaba, we si unakaa na kompyuta kutwa nzima, hebu nitengenezee na mimi hizo picha, nasikia siku hizi AI inachora yenyewe." Nkamwambia shangazi hiyo kazi ya dakika tano. Dakika tano zikageuka wiki tatu.

Ya kwanza nilitumia programu moja ya bure niliyokuta kwenye simu, jina siitaji. Nikaandika vizuri tu kwa Kiswahili, mwanamke amevaa kanga nyekundu yenye maandishi "Japo sipati tamaa sikati", amesimama dukani. Picha ikaja. Mwanamke mrembo kweli, ngozi laini kama mafuta, ila mkono wa kushoto una vidole sita na kwenye nguo pameandikwa JAPPO SIPTAI TAAMA SIIKTI. Shangazi akavaa miwani, akaisogeza simu, akairudisha. "Hii lugha gani mwanangu?" Afu kabla sijajibu: "Na hii si kanga, hiki kitenge. Pindo liko wapi?"

Kweli bana. Kanga ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, ina jina kwenye kisanduku chake pale chini ya mji. Mashine ilikuwa imechora kitambaa chenye maua maua tu. Nikajaribu programu nyingine, neno "kanga" peke yake safari hii, ikanichorea kangaruu amejifunga shuka kiunoni. Angalau ingenichorea yule ndege ningeelewa. Hiyo sikumwonyesha shangazi.

Sasa hapo ndo nikaanza kujiuliza hivi haya madude yanachoraje hasa, maana nilikuwa nadhani yanaenda kutafuta picha intaneti yanazikata na kuziunga kama fundi cherehani. Hapana, sio hivo.

Mnaokumbuka TV za chogo mnajua chenga, ile antena ikicheza kidogo tu kioo chote kinakuwa vidoti vidoti. Hizi AI nyingi zinafanya kazi na chenga, njia yenyewe wataalamu wanaiita difusheni. Wakati wa kuifundisha wanachukua picha halisi yenye maelezo yake, wanaimwagia chenga kidogo, wanaongeza, wanaongeza, mpaka picha inamezwa zinabaki chenga tupu, na kazi ya mashine ni kukisia ni chenga zipi zilizomwagwa ili ziondolewe. Inarudia hivyo kwa mamilioni ya picha mpaka inaiva. Ikishaiva ndo wanakuja na ule ujanja wenyewe, wanaipa chenga tupu ambazo nyuma yake hakuna picha yoyote, wanaiambia humu ndani kuna mwanamke amevaa kanga, haya zitoe. Na yenyewe haijui kukataa. Inatoa kidogo, inaangalia, inatoa tena, mara 20 au 50 hivi, mpaka mwanamke anatokea. Ukibadilisha zile chenga za mwanzo, anatokea mwanamke mwingine kabisa hata kama maneno ni yaleyale.

Wazo lenyewe lina miaka, liliandikwa 2015, ila lilikaa tu kimya kwa sababu wakati huo waliokuwa wanatamba ni GAN, zile za mtafiti Ian Goodfellow za 2014 ambapo mashine moja inachora nyingine inakagua kama ni feki. Mwaka 2020 watafiti watatu wa chuo cha Berkeley kule Marekani, Ho, Jain na Abbeel, wakaonyesha kwamba njia ya chenga inaweza kutoa picha kali, na 2022 ndo mafuriko ya programu za kuchora: DALL-E 2 ya OpenAI, hawahawa wa ChatGPT, mwezi wa nne, Midjourney ikafungua milango mwezi wa saba, Stable Diffusion mwezi wa nane. Hiyo ya mwisho mi naona ndo ilibadilisha mchezo kuliko zote, sio kwa uzuri wa picha, bali kwa sababu walitoa mafaili ya mashine yenyewe iliyokwisha kuiva, bure, uyapakue nyumbani. Na iliwezekana kukaa kwenye kompyuta ya kawaida kwa sababu haichezi na picha nzima. Picha ya pikseli 512 kwa 512, kila pikseli namba tatu za rangi, inakunjwa kwanza mpaka kajedwali ka 64 kwa 64 chenye namba nne kila kisanduku, namba zinapungua mara 48, chenga zinatolewa humo humo kwenye hako kadogo, afu mwishoni ndo inakunjuliwa. Ukipiga hesabu hiyo unaelewa kwa nini vijana wenye mashine za gemu ndo walikuwa wa kwanza kuidaka.

Tatizo la kanga ya shangazi liko kwenye maneno. Hizi za 2022 nyingi zilikuwa zinasoma maelezo yako kwa kutumia kitu kinaitwa CLIP, kilichofundishwa kwa jozi milioni 400 za picha na maandishi kutoka intaneti, na hayo maandishi karibu yote ni Kiingereza. Kiswahili chako kinapoingia humo kinakatwakatwa vipande kama mishkaki, "tamaa" inakuwa vijineno viwili vitatu visivyo na maana, "kanga" inaangukia jirani na kangaruu. Na hata ukiandika Kiingereza kizuri, mashine haipewi herufi, inapewa maana ya neno tu. Inajua mabango yana maandishi, inajua maandishi yanafananaje kwa mbali, ila haijui kwamba baada ya J inakuja A. Inachora sura ya maandishi, kama mtoto wa chekechea anayejifanya anaandika barua.

Wenye hizi kampuni wakalishughulikia kila mmoja kivyake, na hapa ndo tofauti zao zinapoanza kuonekana. DALL-E 3 ya 2023 waligundua shida kubwa ni maelezo mabovu ya zile picha za kufundishia (fikiria mtandaoni picha inaandikwa "IMG_2031" au "nauza bei poa"), wakatumia AI nyingine kuyaandika upya kwa kirefu. Afu wakaiweka ndani ya ChatGPT, ambayo inachukua maneno yako inayaandika upya kwa Kiingereza kabla ya kuyapeleka kwa mchoraji, ndo maana ghafla Kiswahili kikaanza "kueleweka", kumbe kuna mkalimani katikati. Ideogram ya Toronto ikaamua maandishi ndo biashara yake. Flux, iliyotoka mwezi wa nane 2024 kwa jamaa wa Ujerumani ambao wengine wao walikuwemo kwenye Stable Diffusion ya mwanzo, ikaongezewa msomaji wa maneno mkubwa zaidi anaitwa T5, herufi zikanyooka sana, ila msomaji mwenyewe naye amelelewa kwa Kiingereza.

Afu mwezi wa tatu 2025 ChatGPT ikabadilisha kabisa, ile ya GPT-4o, wote mnaikumbuka kwa vile vikatuni vya Kijapani kila mtu aliweka profaili. Hii haitegemei mchoraji wa pembeni. Modeli, yaani ile mashine yenyewe iliyofundishwa, ileile inayopiga stori na wewe ndo inatengeneza picha, kipande baada ya kipande, kama inavyopanga maneno kwenye sentensi, kwa hiyo kinachojua "sipati" inaandikwaje na kinachochora ni kitu kimoja. Mwezi wa nane mwaka huohuo Google nao wakaja na Gemini 2.5 Flash Image, watu wanaiita Nano Banana, yenyewe sifa yake kubwa ni kushika sura, ukimpa picha ya mtu anabaki mtu yuleyule hata umhamishe kutoka Kariakoo mpaka Forodhani. Ilipotoka, kwa wanaoitumia kwenye programu zao ilikuwa inalipiwa dola 0.039 kwa picha, kama shilingi mia hivi, chini ya bei ya kutoa kopi sehemu nyingine.

Midjourney je? Kama unataka picha tu ya kupendeza, mwanga, hewa, ile hali ya kufanya mtu asimamishe kidole kwenye simu, mi bado naipa. Kifurushi cha chini ni dola 10 kwa mwezi. Ila ina mkono wake, kila kitu kinatoka kama bango la sinema, ukiomba mama ntilie unaletewa malkia ameshika mwiko.

Na hizi za kupakua, kama Stable Diffusion na Flux, zina raha yake ambayo wengine hawana, unaweza kuzifundisha. Mshkaji wangu mmoja wa Sinza ana mashine ya gemu, tukapiga picha kanga 30 za dukani kwa shangazi, tukazitumia kutengeneza LoRA, hicho ni kifaili kidogo kinachobandikwa juu ya modeli kubwa bila kuigusa yenyewe. Tulilazimika kutumia Flux iliyobanwa, maana kamili ina vigezo (zile namba ilizojifunza) bilioni 12 ambavyo peke yake vinataka memori kama GB 24, na mashine ya jamaa haifiki huko. Ilikesha usiku mzima, asubuhi ananitumia picha ya luku badala ya kanga. Lakini jamani, pindo likatokea! Pande zote nne, na mji, na kisanduku cha jina. Jina lenyewe bado lilikuwa vurugu, tukalifuta tukaandika wenyewe kwenye Canva, programu ya kutengeneza mabango, kwisha.

Njia ya pili nikapiga picha doti halisi, nikaipa mojawapo ya hizi mpya nikaiambia mvalishe dada huyu. Nusu dakika. Jina limenyooka, vidole vitano vitano, nikajua nimemaliza. Shangazi akaikuza, akaanza kuhesabu kwa kidole. "Hii ya kwangu ina korosho tisa upande huu wa pindo. Yako ina saba." Maana hata hizi za kuhariri, nyingi hazibandiki kanga yako pale, zinaichora upya kwa kuitazamia. Mimi nisingeona hata ningepewa mwezi, ila mteja wa kanga anaona.

Kwa hiyo kama unauza kitu halisi, anza na picha halisi, AI iibadilishie ukuta na mwanga tu, kitambaa chenyewe usiiruhusu iguse. Kama ni kadi ya mwaliko au bango la vikoba, ChatGPT au Gemini, wala usihangaike. Kama ni kujifurahisha na una umeme wa kuchezea, pakua ujifundishie.

Ila shangazi alikuwa ameshaweka stetasi ile ya LoRA, nyekundu na nyeusi, nzuri kupita kiasi. Siku ya pili mama mmoja wa Mbagala akapiga, anataka doti 40 sare ya kikundi, hizohizo, asibadilishiwe. Ikabidi nimweleze shangazi kwamba hiyo kanga haipo, sio dukani kwake tu, haijawahi kuchapwa popote. Akanyamaza, akaiangalia tena.

"Na huyu binti aliyeivaa?"

"Naye hayupo shangazi."

Simu ikaita, mama wa Mbagala tena. Shangazi akapokea, akageukia upande wa barabarani, nkamsikia anamwambia mzigo bado uko bandarini.