Arosto ya bando

Juzi bando limekata katikati ya video, nikajiunga na waifai ya jirani (usiniulize paswedi nimeitoa wapi) nikaandika kwenye grupu la familia "jamani nina arosto hapa", yaani yale mateso ya teja akikosa madawa. Wakacheka wote kasoro kaka angu. Kaka alikula unga, yaani heroini, miaka tisa, saivi yuko kwenye methadoni, dawa anayopewa badala ya unga, kila siku ya Mungu asubuhi anaenda kliniki. Akanijibu kwa voisi ya sekunde tatu tu, "dogo, arosto huijui."

Na kweli siijui, ila nimeiona kwa macho. Kuna mwaka alitaka kuacha mwenyewe nyumbani, mama akamfungia chumba cha uani, aisee kamasi zinamtoka kama mtoto mdogo, miayo haikatiki, vinyweleo vimemsimama kama kapigwa na baridi na hiyo ni Dar mwezi wa pili, anaharisha, analia mifupa inamuuma kwa ndani, usiku wa tatu akatokea dirishani na pasi ya mama akaondoka nayo. Sasa we bando likiisha unaumwa wapi? Unanuna tu. Ndo maana wanaosema simu ni unga mpya huwa wananikera, sijawahi kusikia mtu kazidisha TikTok usiku asubuhi kakutwa hapumui.

Lakini mwezi wa sita simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji nikakaa siku nne na kiswaswadu. Siku ya kwanza tu nahisi simu inatetemeka mfukoni, naingiza mkono, mfuko mtupu, kiswaswadu chenyewe kiko mezani. Kwenye daladala tena. Nasonga ugali, tena. Na ukiniuliza ulikuwa unasubiri meseji ya nani, hakuna, sikuwa nasubiri chochote, hicho ndo kilinitisha.

Wenye kuvitengeneza hivi vitu wanajua wanachofanya. Aza Raskin ndo alibuni ile skroli isiyo na mwisho mwaka 2006, baadae akaja kujutia hadharani. Sean Parker, rais wa kwanza wa Facebook, 2017 alikiri kabisa kwamba walikuwa wanacheza na udhaifu wa akili ya binadamu. Ujanja wenyewe ni kwamba ukivuta kidole hujui kinakuja nini, mara kichekesho, mara upuuzi, mara upuuzi tena, mara umbea mtamu kweli, ingekuwa kila ukivuta unapata kitamu ungeshiba ukaiweka chini.

Hiyo ni kamari bwana. Ndo ile ile ya jamaa anayesuka mkeka kila wikiendi, timu moja inamchania na Jumatatu yuko pale pale. Kwa hiyo mi kwa upande wangu ndugu wa damu wa simu ni kubeti, unga labda ni binamu. Hata WHO, shirika la afya duniani, kwenye orodha yao mpya ya magonjwa waliyopitisha 2019 wameweka kamari na magemu ya video kwenye uraibu wa tabia, sura moja na madawa ila kifungu chake, na mitandao ya kijamii hawajaiweka kama ugonjwa wake peke yake.

Kaka anasema tofauti yenyewe ni asubuhi. Teja akiamka hatafuti stimu, stimu zilishaisha zamani, anatafuta kete ya unga ili asiumwe, aweze kusimama tu kama watu wengine. Methadoni inamsaidia hapo hapo, anakunywa kikombe mbele ya nesi, anaongea kidogo waone kameza kweli, basi, siku inaendelea.

Jumamosi nilimsindikiza. Nikakaa kwenye benchi la nje nimsubiri, nikatoa simu niangalie kitu kimoja tu. Nikaja kushtuka kivuli kimesimama mbele yangu, sijui kilikuwa pale toka saa ngapi.

"Dogo, mi dozi yangu nimemaliza. Ya kwako inaisha saa ngapi?"

Nikamwambia kaka subiri, hii video imebaki kidogo.